Barua Zilizotangulia Tangazo

Mwaka ule hoteli yetu ya Diani ilikuwa na wafanyakazi wengi kuliko wageni. Mtunza bustani alikuwa amekwisha kufagia majani yote, akawa anayangojea mengine yaanguke. Mpishi wa keki aliwapikia wapishi wenzake. Nasi wawili wa mapokezi, mimi na mwenzangu mmoja kutoka bara, pande za Kitui, tulisimama nyuma ya kaunta tukitazamana, kila mmoja na sketi yake ya buluu na tabasamu la kazini lisilokuwa na wa kupewa.

Asubuhi moja meneja akatuita ofisini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotutisha. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za wazazi, akauliza habari za mvua, kisha akasema kwamba msimu ukiendelea hivi, kaunta itabaki na mtu mmoja. Nani, hakusema.

Tulipotoka, mwenzangu aliegemea kaunta akaniambia, "Sasa maze, hapa ni wewe ama ni mimi."

"Si lazima," nikamjibu.

"Ni lazima. Hii kaunta haiwezi kukatwa nusu."

Hatukugombana. Yeye alikuwa na wadogo zake waliokuwa wakisoma kwao, na karo yao yamtazama yeye. Mimi nilikuwa na mama yangu kijijini Munje, mjane, aliyekuwa akinitegemea kwa sukari na kwa paa la nyumba. Kila mmoja aliijua hali ya mwenzake. Tulikuwa tumezoea kugawana zamu, chakula cha wafanyakazi, hata kanga ya kujitanda kiyoyozi kikizidi. Kazi yenyewe ndiyo tulikuwa hatujui itagawanywaje.

Siku chache baadaye akaingia karani wa kituo cha utafiti. Chuo kikuu kimoja cha huko jijini kilikuwa na idara ya elimu ya bahari, na idara hiyo ilikuwa imekodi jumba la zamani kwenye njia ya Galu ikaligeuza kituo chake cha pwani. Walihesabu samaki, walipima mwani, walipiga picha matumbawe. Faksi hawakuwa nayo, kwa hiyo kila walipokuwa na la kupeleka jijini walilileta kwetu. Karani akatukabidhi karatasi, akasema inakwenda gazetini, naye akaenda zake jikoni kunywa chai kwa shemeji yake.

Sheria ya mapokezi ilikuwa kwamba karatasi ya mtu haisomwi. Lakini faksi yetu ilikuwa kongwe. Ilimeza karatasi polepole kama mbuzi anayekula mkeka, na aliyesimama mbele yake hakuwa na pengine pa kutazama. Mwenzangu akaisoma kwa sauti. Idara yataka sistimu administreta, mtu wa kuangalia kompyuta zote za kituo, kuziunganisha ziweze kusemezana, na kuhakikisha barua za kompyuta zaenda na zarudi. Awe na cheti. Awe na uzoefu. Awe tayari kuishi pwani.

"Awe tayari kuishi pwani," mwenzangu akarudia. "Wanaona kama ni jela."

Mimi nilikuwa na cheti, nilichopewa na chuo kimoja cha kompyuta Mombasa kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Yeye cheti chake kilikuwa cha hoteli, lakini kompyuta ya mapokezi ikigoma, yeye ndiye aliyejua kuibembeleza. Uzoefu wetu wa kuunganisha mitambo ulikuwa waya mmoja tu, uliotoka kaunta hadi ofisi ya mhasibu. Waya ule ukikanyagwa na ndoo ya kupigia deki, hoteli nzima hupoteza hesabu zake, na mwenzangu hutambaa chini ya kaunta na sketi yake hiyo hiyo kwenda kuuchomeka upya.

"Tuandike sisi wote wawili," akasema. "Mmoja akipata, anaenda. Mwingine anabaki na kaunta. Hakuna mtu anafutwa."

Nikaitafuta kasoro ya shauri lile, nisiione. Tukaketi kwenye kompyuta ya mapokezi, tukaandika barua zetu papo hapo, tukazitia katika bahasha za hoteli baada ya kufuta jina la hoteli kwa kalamu. Karani aliporudi akijipangusa mdomo tukamkabidhi. Alizitia mfukoni bila kuuliza. Chai ya jikoni ilikuwa imemtuliza sana.

Juma lile lile nilipata mapumziko nikaenda nyumbani. Munje ni kijiji cha wavuvi na wakulima, karibu na Msambweni, na habari huko hazihitaji faksi. Nilimkuta mama akikuna nazi.

"Nimeomba kazi, mama."

"Kwani ya hoteli ina nini?"

"Yaelekea kwisha."

"Na hiyo mpya yaitwaje?"

"Sistimu administreta."

Akaacha kukuna. "Ndiyo nini?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kuna mashine kadhaa, kila moja na akili zake, na lazima awepo mtu wa kuzipatanisha. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akashika neno moja alilokuwa amelisikia mahali.

"Administreta. Huo si utawala?"

"Ni utawala, lakini wa mashine."

"Utawala ni utawala, mwanangu."

Wakati huo jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kuomba chumvi, alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli chake. Alipewa chumvi, akaenda nayo pamoja na habari. Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujua kwamba naingia kazi ya askari wa utawala.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mwenye mbuzi. Mbuzi wake hao walikuwa wakiingia shamba letu la mihogo kila siku ya Mungu, na mama alikuwa amelalamika mpaka amechoka.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, marahaba, mwanangu. Mambo ya serikali yaenda vyema?"

"Mambo gani, mzee?"

"Basi, basi. Siri ya kazi naifahamu." Akashusha sauti. "Nimekuja kusema tu kwamba wale mbuzi hawakuzaliwa na utundu. Ni njaa. Nimewafunga."

Baada yake akaja bibi mmoja wa nyumba ya pili, akitaka nikamkamate mkwewe ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kurudi kumjulia hali. Nilimwambia sina uwezo huo. Akaniambia hana haraka, angojea nipewe viatu.

Usiku ule nilimwambia mama lazima tuwaeleze watu ukweli.

"Tutawaeleza," akasema, akigeuza samaki wake jikoni. "Mihogo ikishakomaa."

Mwito wa mahojiano ulitufikia sote wawili, wa siku ile ile na saa ile ile. Tukajifunza kwa madaftari yangu ya chuo. Nikisimama upande wa wageni, mimi ndiye mwulizaji, naye hujibu kutoka nyuma ya kaunta, kisha tunabadilishana. Siku ilipofika tulimwomba meneja ruhusa. Alitupa sote wawili, akakaa yeye mwenyewe mapokezi, akisema huenda akabahatika kumwona mgeni.

Kituoni tuliwakuta waombaji wengine barazani, wanaume watupu, kutoka Mombasa na jijini, na suti zao zilizokuwa zikiwapika polepole. Aliyependeza zaidi alikuwa kijana mmoja mwenye tai nyekundu. Alikuwa na bahasha kubwa ya kaki, akaiweka benchini kando yake ili ajipepee kwa mikono miwili. Ilikuwa wazi kwamba hajapata kuishi Diani.

Tumbili akashuka kutoka kwenye mkwaju, akaichukua bahasha ile kwa utulivu kama mwenye nayo, akapanda juu ya paa. Huko akaifungua akitarajia mkate. Akatoa karatasi ya kwanza, akainusa, akailamba pembe, akaidondosha. Akatoa ya pili. Vyeti vya kijana wa watu vikawa vinashuka kimoja kimoja juu ya maua ya asmini.

Suti zote ziliinuka kwa pamoja. Mmoja alikwisha kuokota jiwe.

"Msimfukuze!" nikapiga kelele. "Mkimfukuza atakwenda nazo msituni!"

Mwenzangu alifungua mkoba wake, akatoa chapati aliyofunga kwa ajili ya mchana, akaitazama kwa huzuni, kisha akairusha upande wa pili wa paa. Tumbili akaiona, akapima jambo hilo, akaiacha elimu akafuata chapati.

Tuliokota karatasi sote, washindani kwa washindani, tukazikung'uta mchanga. Kijana akazipokea tai ikiwa begani. "Asanteni sana," akasema. "Hiyo ya mwisho ilikuwa digrii."

"Na hiyo nyingine ilikuwa lanchi yangu," mwenzangu akamjibu.

Waombaji wengine waliingia mmoja mmoja, wakatoka wakijifuta jasho. Zamu yetu ilipofika, karani akachungulia akasema, "Wale dada wawili waingie pamoja." Wengine wakatutazama. Mwenzangu akanibana mkono.

Ndani walikuwa watu watatu. Katikati alikuwa mkuu wa idara, profesa wa mambo ya mwani, amevaa kaptura na shati lililofuliwa vizuri. Kuliani kwake mwanamke mmoja mwenye miwani kutoka makao makuu ya chuo, na kushotoni mwalimu wa kompyuta aliyeletwa kutoka jijini.

"Karibuni," mkuu akasema. "Kabla hatujafika kwenye kompyuta nina swali moja dogo. Tangazo letu lilitoka gazetini Jumatano. Barua zenu nilizipokea wiki iliyotangulia. Nielezeni, mlioteshwa?"

Nilimtazama mwenzangu, naye akanitazama. Katika madaftari yangu yote swali hilo halikuwamo.

"Tulilipitisha sisi kwenye faksi," nikasema. "Mashine yetu ni nzito kidogo."

Mama wa makao makuu akavua miwani. "Kwa hiyo nyinyi husoma barua za wateja?"

"Hatusomi, madam," mwenzangu akadakia. "Hiyo haikuwa barua. Ilikuwa tangazo. Tangazo ni ya watu wote, ni vile tu sisi tuliiona mapema."

Mkuu alicheka hadi akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Mama yule hakucheka. Akaandika kitu, na nilijua si sifa.

Mwalimu wa kompyuta akatuhoji. Mengine tuliyajua, mengine tuliyajua nusu, na moja lilikuwa na jina ambalo sikuwahi kulisikia. Nikasema silijui. Akamgeukia mwenzangu, naye akasema, "Hata mimi, lakini nikionyeshwa mara moja inatosha." Mwisho akaweka karatasi zake chini.

"Mmefika kazini asubuhi. Kompyuta zote zimezimika. Profesa amesimama mlangoni anapiga kelele kwamba kazi yake ya mwaka mzima imepotea. Mtafanya nini kwanza?"

"Nitaangalia stima," mwenzangu akasema.

"Nitamsalimia," nikasema mimi.

Tulikuwa tumesema kwa wakati mmoja. Mwenzangu akageuka kunitazama. "Utamsalimia?"

"Nitamwamkia kwanza. Mtu akishaitikia salamu hupunguza sauti. Sauti ikipungua atakwambia alikuwa amebonyeza nini."

"Na kama ni stima imepotea? Si utamaliza asubuhi yote na shikamoo?"

"Na wewe utapita chini ya mkono wa mzee wa watu ukapapase nyaya, hata hujamtazama usoni?"

"Wewe hujui. Hata hotelini ni mimi naingia chini ya kaunta na sketi. Wewe unabaki huko juu ukiambia mgeni karibu."

"Na huyo mgeni ni nani amzuiaye asikupigie kelele ukiwa huko chini?"

"Si angepiga! Kelele haiumi waya!"

Mkuu akakohoa. Hapo ndipo nilipokumbuka tulikuwa wapi. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameshika kidevu. Hata mama wa makao makuu alikuwa amesahau kuandika.

"Tumesikia pande zote mbili," mkuu akasema. "Mwaweza kwenda mkamalizie nje."

Na kweli tulimalizia nje. Tulibishana mpaka barabara kubwa, mpaka njaa ikatupatanisha, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili tukala tumesimama.

Kazi akapewa yule kijana wa tai nyekundu. Hapakuwa na dhuluma yoyote. Alikuwa amesoma kuliko sisi, na mitambo aliyokwisha kuunganisha ilizidi waya mmoja. Lakini kujua kwamba ni haki hakukunisaidia, kwa sababu msimu uliisha vile vile, na meneja akaniita peke yangu. Aliuliza habari za nyumbani. Aliuliza habari za mvua. Nikamwambia, "Nimeelewa, bwana," ili nimpumzishe. Mimi ndiye niliyeajiriwa baadaye, basi mimi ndiye wa kutoka. Mwenzangu alijifungia stoo ya mashuka akalia kuliko nilivyolia mimi.

Nikarudi Munje. Habari kwamba sitatawala chochote zilikuwa zimenitangulia. Mzee mwenye mbuzi alinipokea kwa upole mkubwa, akanipa pole, na kesho yake mbuzi wake walikuwa shambani kwetu alfajiri na mapema. Yule bibi akaniambia Mungu hamwachi mja wake, mkwewe atamngojea askari mwingine. Mama hakunilaumu hata kwa jicho. Tulisuka makuti pamoja, tukalima, tukafukuza mbuzi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwili wangu haukuwa umeambiwa. Uliamka kila siku kwa saa ya zamu ya asubuhi, nami nikakaa kitandani kwanza, mpaka nikumbuke kwamba sina pa kwenda.

Mchana mmoja niliwasikia watoto wakishangilia njiani. Nikatoka. Alikuwa mwenzangu, amepakiwa nyuma ya baiskeli na sketi yake ya buluu, kibandiko cha mapokezi bado kifuani, akinipungia mkono na huku akimkaripia mwendesha baiskeli aepuke mashimo. Alimwamkia mama yangu, akapewa dafu, akalinywa lote bila kupumua, ndipo akasema.

"Yule wa tai amehama."

"Amehamia wapi?"

"Nairobi, benki. Ati hakuwa analala. Komba walikuwa wanalia juu ya paa usiku, yeye akidhani ni mtoto ametupwa. Alikuwa anatoka nje na tochi kumtafuta."

Mama akasema, "Maskini, ana moyo mzuri."

"Sasa Prof akakuja hoteli mwenyewe, miguu imejaa mchanga. Akasimama kaunta akaniuliza, 'Wale wa salamu na stima wako wapi?' Nikamwambia, stima ndio mimi. Akasema anataka mmoja wetu. Ule mwalimu wa kompyuta atamfundisha kwanza huko chuo. Akaniuliza ni nani anakuja. Nikamwambia Salamu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mbona hukuichukua wewe?"

"Mimi niko na kazi. Wewe uko na mbuzi za watu."

Mama akacheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimvuta mwenzangu kando ya nyumba, nikamtazama machoni. "Niambie kweli. Waitaka au huitaki?"

Akachezea kifuu cha dafu mkononi. "Naitaka. Nani hataki kukaa kwa kiti? Lakini nimeuliza meneja. Nimemwambia, nikienda, utarudisha yule dada? Akasema hapana, ataleta mpwa wake. Sasa nikienda mimi, wewe unabaki hapa. Ukienda wewe, hakuna mtu anabaki nje. Si ndio tulikubaliana?"

Ndivyo tulivyokubaliana, lakini maneno ya kwenye kaunta ni rahisi. Nikamshika mkono tukarudi uani, na mama akawa amekwisha kumkamata kuku.

Nilipelekwa jijini nikafundishwa na yule mwalimu wa kompyuta. Hakunitajia mahojiano hata siku moja, ila kila asubuhi alikuwa akiniwahi kunisalimia. Niliporudi nilipewa chumba kilichokuwa jiko la jumba lile, na kompyuta chache ambazo ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mchanga na chumvi. Barua za kompyuta zilipita kwenye laini ya simu, na kila tulipoziita, modemu iliyoziunganisha na simu ililia kwa uchungu hata mpishi wa kituo akaja kuuliza ninaichinja kwa nini. Nilikosea mara nyingi. Siku moja niliwakatia watu wote barua kwa kuchomoa plagi nikitaka kuchomeka pasi. Lakini niliipenda kazi ile, nikakaa nayo miaka, na kaunta ya hoteli nayo ikakaa na mwenzangu mpaka wageni walipoanza kurudi.

Siku yake ya mapumziko alikuja kunitembelea. Alikaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, akajizungusha hadi kizunguzungu kikamshika. Nilikuwa nimetoka kwenda kumtafutia chai. Mkuu akaingia, akamwona amefumba macho mbele ya kompyuta, asimtambue bila sketi ya buluu. Akadhani ni mwanafunzi mgeni aliyezama katika fikira. Akafurahi mno, akamchukua ufuoni kumwonyesha mwani.

Niliporudi na vikombe sikumkuta mtu. Niliwaona kwa mbali maji ya bahari yakiwa yamekupwa, mkuu ameinama juu ya mwamba anaelezea, mwenzangu amekunja suruali hadi magotini anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Nikaketi kizingitini nikanywa chai yangu. Nikanywa na yake. Walikaa huko mpaka maji yakaanza kurudi.

Alipofika alikuwa amelowa, ameungua jua, na mkononi ana rundo la mwani alilopewa zawadi.

"Umejifunza nini?" nikamwuliza.

"Hii kitu haina mizizi," akasema, akiuinua juu. "Inashika tu jiwe. Ameniambia mara tatu. Sasa niambie, hii inapikwa?"